Nilimwambia Mke Wangu Akate Kadi

Wewe uliyenikosa wiki iliyopita, pole. Na wewe uliyenisoma, pole zaidi, maana uliniacha pabaya. Mimi ni fundi wa lifti, na uliniacha nimekwama ndani ya lifti.

Wala haikuwa lifti ya mtu mwingine. Ni ile ile niliyoikagua asubuhi kwa mikono yangu, nikatamka mbele ya watu wazima kwamba ni nzima kabisa.

Ilikwama katikati ya ghorofa ya tano na ya sita. Ndani tulikuwa wawili, mimi na dada wa kadi, yule mfanyakazi wa benki ambaye kwa miaka miwili amekuwa akilisimamia deni langu. Tulikuwa tunapanda ofisini kwake, ghorofa ya tisa, akanipe barua kwamba sidaiwi tena.

Barua hiyo niliitaka kuliko ninavyoutaka mshahara. Tulipobanwa na deni la kadi, lile la runinga pana kuliko ukuta na makochi ya kuwakoga majirani, tulitoka kwenye vyumba viwili tukahamia kimoja. Binti yetu, Kidoti, wakati huo ana miaka sita. Mama mkwe akaja kumchukua. Alisimama mlangoni, hata kuketi alikataa.

"Mjukuu wangu halali kwenye nyumba inayodaiwa," alisema. "Siku mtakapokuwa hamdaiwi nitamrudisha mimi mwenyewe. Na karatasi ya benki niione kwa macho yangu."

Basi asubuhi hiyo makato ya mshahara yalikuwa yamebakiza kipande kidogo tu cha mwisho, nikakilipa kwenye dirisha la benki pale chini. Kabla sijapewa hata risiti, nikampigia mke wangu.

"Mama Kidoti, tumemaliza! Mwambie mama amlete mtoto!"

"Barua unayo mkononi?"

"Barua ni suala la dakika. Wewe mpigie!"

Haraka haraka haina baraka. Nilifundishwa hivyo nikiwa sijui hata kufunga kamba za viatu. Lakini siku ya furaha nani anakumbuka mafundisho?

* * *

"Kaka, tutakufa humu?" dada wa kadi aliniuliza. Alikuwa ameshavua viatu na kukaa sakafuni, mgongo ukutani.

"Lifti haianguki, dada. Ina breki zake. Inakwama tu."

"Na hii imekwama kwa nini?"

"Sijui."

"Si wewe ndiye fundi?"

"Nikiwa nje ndiyo fundi. Humu ndani mimi ni abiria kama wewe."

Sauti ikatoka juu, kwenye upenyo wa mlango. Alikuwa Spana, fundi mwenzangu, mtu mwenye utani hata msibani.

"Nani yuko humo?"

"Mimi!"

"Wewe nani?"

"Spana, acha ujinga, fungua!"

Alicheka mpaka akakohoa. "Si ulisema ni nzima? Haya, tulia. Mlango wa sita umegoma. Naenda chumba cha mashine, nitaipandisha kidogo kidogo."

Nyayo zake zikaondoka. Dada wa kadi akafumba macho.

"Niongeleshe, kaka. Nikinyamaza nitalia. Hebu niambie, umewezaje? Wateja wangu wengi wakifika nusu ya njia wanakata tamaa. Wengine wanabadilisha hata namba ya simu. Wewe hukukosa mwezi."

Jamani, nani hapendi kuulizwa swali kama hilo? Nakiri, nilivimba kichwa. Nikasahau kabisa kwamba nimekwama.

"Jengo hili lina ghorofa kumi na nne," nikamwambia. "Nikaligawa deni vipande kumi na vinne. Kipande kikiisha, nimeshuka ghorofa moja. Jumla sikuitazama kabisa, maana jumla inavunja mtu moyo. Niliitazama ghorofa niliyopo tu. Na kila Jumapili binti yangu ananipigia simu, 'Baba, leo uko ya ngapi?' Sasa ukishaulizwa hivyo na mtoto, utapita dukani uchukue kiatu kipya?"

"Huwezi."

"Huwezi! Na jambo la pili, jumbe zenu za benki nilizizima."

Akafumbua macho. "Ulizizima?"

"Zote. Spana alinishauri. Kila simu ikilia naacha kazi nikaisome. Nikasema, mshahara unakatwa wenyewe kabla sijaugusa, ya nini nisomewe habari zake kila wiki? Kukopa harusi, kulipa matanga. Mimi matanga nayafanya, lakini si lazima nipigiwe na kelele."

Dada wa kadi hakucheka. Alinitazama kama mtu anayetaka kusema kitu, halafu akaona bora asubiri. Mimi sikuelewa. Nilikuwa nimeshakolea.

"Ila siri yangu kubwa ni mke wangu. Mshahara ukishakatwa, kinachobaki kinalipa kodi ya chumba na nauli yangu, basi. Nikamwambia, mama, ya nyumbani utayajua wewe. Ana cherehani yake pale ndani, anashonea watu. Dada, miaka miwili sijalala njaa! Sabuni ipo, mafuta yapo, sare za Kidoti kule kwa bibi yake zimetoka kwake. Kila nikishuka ghorofa ananiletea soda tunagawana. Nikimuuliza, 'Unawezaje?' anacheka tu, 'Si uliniambia nitajua mwenyewe?' Yule mwanamke ana mkono wa baraka."

Nilikuwa nimeyasema maneno hayo mahali pengi. Kazini wamenisikia mpaka wamechoka. Kuna wenzangu waliogombana na wake zao kwa sababu yangu, wakiwaambia wakajifunze kwa mke wa fundi.

"Na ni msikivu," nikaendelea. "Siku niliyoamua kuacha upuuzi wa kukopa, nilimtumia ujumbe nikiwa kazini. Mama Kidoti, kata kadi, leo leo. Jioni nikamuuliza, umekata? Akasema, nimekata. Nikamwambia, iweke mbali, sitaki kuiona wala kusikia habari zake. Na kweli, sijawahi kuisikia tena."

"Nakumbuka siku hiyo," dada wa kadi akasema taratibu. "Mimi ndiye niliyemkatia."

"Wewe?" Nikacheka. "Alikuja na mkasi mpaka benki?"

"Mkasi wa nini?"

"Si wa kukatia kadi."

Akainua kichwa kunitazama. Taa ya lifti ilikuwa inawaka na kuzima, waya wake nilipanga kuubadilisha tangu mwezi uliopita.

Ndugu msomaji, wewe mwenyewe umeshakata tiketi. Umekata leseni, labda umekata na bima. Kuna siku ulivipitishia mkasi? Umekwenda dirishani, ukatoa pesa, ukapewa chako, ukarudi nyumbani ukisema nimekata. Lugha tuliyonyonya na maziwa ndiyo iliyonipiga ngwala.

"Kaka," dada wa kadi akasema, "alikuja na ujumbe wako kwenye simu. Akanionyesha. 'Mume wangu ameniambia nikate kadi, leo leo.' Kwenye fomu yako ya mwanzo uliweka jina lake na sahihi yako, kwamba akitaka kadi ya nyongeza apewe. Nikampa."

"Ya zamani ilikuwa kwenye droo! Ndiyo niliyosema aikate!"

"Ya zamani tulishaifunga sisi wenyewe. Ulivyokubali kukatwa mshahara, ikabaki plastiki tu."

"Na hakushangaa? Mtu anadaiwa, halafu anaambiwa akate kadi nyingine?"

"Alishangaa sana. Aliniuliza hivyo hivyo. Nikamwambia wapo wanaofanya, mshahara wa mume unalipa deni la zamani, nyumba inaendeshwa na kadi mpya. Akafikiri, akasema, 'Kumbe! Ndiyo maana ameniambia ya nyumbani nitayajua mimi.'"

Nilikaa chini. Sasa tulikuwa wawili sakafuni.

"Imetumika?" nikauliza, kama mjinga.

"Kaka, hivyo ulivyovitaja vyote. Sabuni, mafuta, sare."

"Na soda?"

"Soda sijui. Sisi tunaona jina la duka tu."

Hasira ilinipanda, halafu ikakosa mtu wa kumkalia. Nimkasirikie nani? Mwanamke aliyefanya nilichomwambia? Dada huyu aliyetimiza sahihi yangu? Nilimkumbuka mke wangu akifungua soda kwa meno, akinipa mimi ninywe kwanza. Alikuwa ananipongeza kwa kushuka, na soda yenyewe inanipandisha.

"Lakini analipa," dada wa kadi akaongeza haraka, maana aliona uso wangu. "Kila mwezi anakuja dirishani na pesa zake za cherehani. Analipa kiwango cha chini. Hajakosa hata mara moja. Nyinyi wawili kwa kulipa, sijaona."

"Basi si linapungua?"

"Kiwango cha chini hakipunguzi, kaka. Kinalinyamazisha tu lisipige kelele."

"Na jumbe..."

"Jumbe tulikutumia wewe. Kila mwezi."

Nikauliza ni kiasi gani. Akanitajia. Kiasi hicho sitakiandika hapa, watoto wanasoma gazeti hili. Nitasema tu kwamba kwa hesabu yangu ya maghorofa, mtu niliyedhani nimesimama chini kabisa, mlangoni, nanyoosha mkono nitoke, nilikuwa ghorofa ya kumi na mbili.

Lifti ikatikisika. Ikaanza kupanda.

"Barua yangu je?" nikauliza.

"Siwezi kuandika kwamba hudaiwi, nitafukuzwa kazi. Naweza kuandika kwamba deni la zamani limeisha. Labda aliyekutuma hatasoma vizuri."

"Aliyenituma ni mama mkwe. Anasoma mpaka maandishi ya chini ya chupa za dawa."

* * *

Ghorofa ya tisa nikapewa barua ya deni la zamani, na hapo ndipo nilipoitazama simu. Mke wangu alikuwa amenipigia mara nyingi. Nikampigia.

"Mama Kidoti, msimamishe mama. Wasije leo."

"Nini? Sikusikii, huku dukani kuna kelele! Wameshafika zamani! Mama alikuwa amefunga nguo za mtoto tangu jana!"

"Dukani unafanya nini?"

"Njoo haraka nyumbani. Nina kitu cha kukushangaza!"

Ikakatika. Nikapiga tena, hakupokea. Duka gani? Kwa pesa gani? Nilijua jibu, na miguu ilijua pia, maana ilianza kukimbia kabla sijaiambia.

Spana alinifuata mpaka nje ya jengo. "Vipi, umepata barua?"

"Nimepata."

"Sasa mbona sura hiyo? Furahi, bwana! Umetoka!"

Nilimpungia mkono, nikaendelea kukimbia.

Nje ya nyumba yetu palikuwa na gari dogo la mizigo, mlango wa nyuma wazi. Majirani wawili watatu walikuwa wamesimama wanatazama, na mmoja akanipigia makofi. "Hongera, fundi! Tumesikia!"

Ndani, chumba chetu kimoja kilikuwa kimejaa mpaka pumzi hazipiti. Mama mkwe alikaa kwenye kiti cha cherehani, mkoba mapajani. Vijana wawili wa duka la samani walikuwa wanakaza skrubu za mwisho. Na katikati, palipokuwa na meza yetu ya kulia, palikuwa na kitanda cha mtoto. Godoro jipya, bado kwenye nailoni yake. Juu yake Kidoti, viatu ameshavua.

"Baba!" Aliruka akanidandia shingoni. Alikuwa amekuwa mrefu, miguu yake ilinifika magotini. "Nimekuja moja kwa moja! Bibi amesema sirudi tena!"

Nilimshika. Sikutaka kumweka chini, kwa sababu nilijua nikimweka chini mambo mengine yataanza.

"Shikamoo, mama," nikasema juu ya bega la mtoto.

"Marahaba, mwanangu. Hongera. Haya, karatasi."

"Mama, pumzika kwanza. Hata maji..."

"Maji nimekunywa."

Mmoja wa wale vijana akaniokoa, au nilidhani ameniokoa. Alitoa kile kimashine chao cha kupokelea malipo. "Mama, tumalizane. Tuna mzigo mwingine wa kupeleka."

Mke wangu alikuwa anang'aa. Miaka miwili sikumwona hivyo. Akafungua kidroo cha cherehani, akatoa kitambaa, akakifunua taratibu mara mbili, mara tatu. Kadi ilikuwa mpya kabisa, safi, imetunzwa kama hereni za harusi.

Akanisogelea sikioni. "Najua ulisema hutaki kuiona. Leo funga macho kidogo."

Nilitaka kumshika mkono. Mkono mmoja ulikuwa umembeba mtoto na mwingine una barua. Nilichelewa.

"Imekataa, mama," kijana akasema.

"Jaribu tena."

Akajaribu. "Imekataa."

"Haiwezekani. Juzi tu nimelipa! Na mume wangu leo amemaliza deni lote. Mwulize mwenyewe, huyu hapa."

Kijana akanitazama. Mama mkwe akageuza shingo.

"Kadi gani hiyo?" akauliza.

"Ile aliyoniambia nikate, mama," mke wangu akajibu, kwa fahari, kwa sauti ya mtu aliyeficha zawadi muda mrefu. "Mshahara wake unalipa deni, na mimi nyumba naiendesha kwa hii. Ndiyo iliyotulisha miaka yote hii. Sikumsumbua hata siku moja. Muulize."

Alinigeukia akitabasamu. Alikuwa anasubiri nimsifu mbele ya mama yake.

Maneno mawili tu yangetosha kuniokoa. Nilimaanisha mkasi. Ningeyasema, lawama yote ingehama kutoka kwangu ikamwangukia yeye, pale pale, mbele ya mama yake na vijana wa samani na majirani mlangoni. Na nakiri kwenu, mdomo ulikuwa umeshafunguka. Neno lilikuwa ulimini.

"Ni kweli, mama," nikasema. "Nilimwambia mimi."

Mama mkwe akanyoosha mkono. Nikampa barua. Akatoa miwani kwenye mkoba, akaivaa, akasoma tangu nembo ya benki mpaka sahihi. Kisha akarudi juu, akaweka kidole mahali pamoja.

"Hapa wameandika deni la zamani."

"Ndiyo, mama."

"Kwa hiyo kuna jipya."

Tabasamu la mke wangu lilibaki usoni muda mfupi, kama mgeni asiyejua kwamba shughuli imekwisha. Aliitazama kadi mkononi mwa kijana. Akanitazama mimi. Halafu akauliza kwa sauti ndogo sana, "Baba Kidoti, si umesema tumemaliza?"

"Mzee," kijana wa pili akasema, ameshaushika upande mmoja wa kitanda, "tunakiacha au tunakibeba?"

Mama mkwe alifunga mkoba. Akasimama.

"Kidoti, vaa viatu."

Mtoto aliteleza mikononi mwangu. Hakwenda kwenye viatu. Alipanda kitandani, juu ya ile nailoni, akashika ubao wa kichwani kwa mikono miwili, huku kijana ameinua miguu ya kitanda na hajui aishushe au aondoke nayo.

"Baba," akasema, "mwambie bibi tumemaliza."